Bwana, na Huyu Je?

Sijawahi kumwonea kijicho tajiri wa Nyali, hapa Mombasa. Miaka yote niliyoshona nguo Kongowea, magari yao yananipita yakielekea kwenye majumba yenye mageti ya chuma, na moyo wangu haujawahi kushtuka. Sijui wanakula nini wala wanadaiwa na nani. Aliyenikosesha usingizi ni binti niliyemfundisha mwenyewe kutia uzi kwenye sindano. Alifungua duka lenye mlango wa kioo kule Bombolulu, mimi nikabaki barazani na cherehani yangu ya kukanyaga.

Kijicho hutafuta mtu wa karibu. Mfalme Sauli hakukosa raha kwa sababu ya Farao. Aliyemsumbua ni kijana aliyempigia kinubi ndani ya nyumba yake mwenyewe, na ilianza siku wanawake walipoimba kwamba Sauli ameua elfu zake na Daudi makumi elfu yake. Ukitembea soko la Kongowea asubuhi utayaona hayo hayo. Muuza nyanya hana habari na mwenye lori, ila anajua kwa uhakika meza ya pili imeuza kreti ngapi tangu alfajiri.

Mimi ni mtu wa Rabai. Kwetu tunapenda kuwakumbusha watu kwamba Injili ilitufikia mapema, maana wamishenari Krapf na Rebmann walianzisha kituo chao cha misheni pale mwaka 1846. Nimebatizwa mchanga, nimeimba kwaya, nimekariri Zaburi. Amri ya kumi naijua, ile ya kutotamani nyumba ya jirani wala ng'ombe wake wala punda wake. Cherehani ya umeme haikutajwa, lakini sikuwa na shaka kwamba imo.

Binti aliletwa kwangu na mamake baada ya darasa la nane, karo ya sekondari ilipokosekana. Alikuwa mwepesi wa mkono. Kitu cha kwanza kigumu nilichomfundisha ni kola ya shati, kwa sababu fundi hupimwa kolani. Ukifika pembeni unarudi nyuma mishono miwili, unaendelea, halafu unapunguza kitambaa cha ndani kwenye ile pembe hadi karibu na uzi, ndipo unaigeuza na kuisukuma ncha kwa mkasi uliofumbwa, polepole, isije ikatoboka. Mafundi wengi huiruka ile mishono miwili kwa haraka zao. Yeye hakuiruka. Nilikuwa nikimsifu kwa kila mteja aliyesimama pale barazani, kwa hiyo hata jina lake zuri nilianza kulitangaza mimi.

Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona, na sare ndizo zilizokuwa zikinilisha. Hazikufunguliwa zote hadi Januari 2021. Mimi nilingoja. Yeye alikodi cherehani, akashona barakoa mchana na usiku, akawauzia watu wanaovuka feri Likoni. Watoto waliporudi darasani alikuwa tayari na mashine ya umeme na ovaloki, ile ya kuzuia kingo zisifumuke. Kisha Januari 2023 sekondari msingi ikaanza, shule nyingi zikataka sare mpya za Gredi ya Saba, na oda zikamfuata yeye.

Naomba mtu anielewe hapa. Sikuibiwa kitu. Wateja wangu walibaki karibu wote, na nyumbani hatukulala njaa. Hata siku za biashara nzuri, nikishafunga cherehani kwa turubai, swali nililorudi nalo nyumbani ni yeye ameshona mangapi. Nilikuwa nikifungua simu usiku kutazama picha anazoweka WhatsApp, mashati yaliyopangwa kwa saizi, mafundi wake wawili wakicheka. Nikitoka kanisani nilizungukia njia ya nyuma nisipite mbele ya duka lake, na kuna siku nilipita makusudi.

Hiyo siku ya kupita makusudi inafaa nieleze. Sisi wanawake wa Mombasa husemezana kwa leso. Nilikwenda Biashara Street, nikamwomba muuzaji anisomee majina ya leso moja baada ya nyingine, kwa sababu rangi haikuwa shida yangu, nilitaka jina, yaani yale maneno yaliyochapwa kwenye leso. Nikachagua HASIDI HANA SABABU. Nikaikata, nikaipinda mwenyewe, Jumamosi nikajifunga kiunoni nikaenda Bombolulu. Yeye alikuwa ndani anampima mtoto mabega, futi shingoni, hakuinua hata kichwa. Niliporudi barazani, jirani yangu anayeuza nazi, mzee wa Kiislamu mwenye maneno machache, alinisoma kiunoni akauliza, "Mama, hiyo leso umemvalia nani?" Nikamwambia nimeipenda rangi. Akarudi kwenye nazi zake. Hasidi aliyetajwa kwenye leso ile ndiye aliyekuwa ameivaa.

Mambo hayakuishia hapo. Mama mmoja alinijia na mashati matatu ya mwanawe, yametoka duka la yule binti, kola zimejikunja baada ya kufuliwa. Alitaka nizitengeneze. Sitaficha kwamba nilifurahi. Nilimweka kwenye kiti, nikamwagizia soda, nikachukua wembe nikaanza kufumua kwa madaha, sauti yangu ikiwa juu kidogo ili wapita njia wasikie. Nilipofika pembe ya kola, uzi ukakataa kutoka. Nikaisogeza kwenye mwanga. Mishono miwili ya kurudi nyuma. Upande wa pili vilevile, na kitambaa cha ndani kimepunguzwa hadi karibu na uzi. Kazi haikuwa na kasoro hata moja. Tatizo lilikuwa kitambaa chenyewe, kile cha bei rahisi kinachorudi kikiingia maji, na anayechagua kitambaa ni shule. Nilimweleza mama yule hivyo hivyo, taratibu, na maneno yalinitoka kwa shida kuliko uzi.

Ningependa kusema kijicho kilikatika palepale. Hakikukatika. Kilipata aibu tu, na kijicho chenye aibu hujificha vizuri zaidi.

Nilitafuta dawa. Wakati huo kulikuwa na mikutano ya injili jioni, na mhubiri mmoja alitufundisha kwamba ukiona jirani amebarikiwa ujue zamu yako imekaribia, kwa hiyo panda mbegu, yaani toa sadaka. Nilipanda. Tatizo la mahubiri ya namna hii ni kwamba yanakupa ruhusa ya kuendelea kutazama duka la mwenzako, safari hii ukiliita unabii. Nilitoka pale na njaa kubwa kuliko niliyoingia nayo. Nikamkumbuka hawe wangu, yaani bibi yangu, aliyetusimulia habari za Mringe, Mkristo wa kwanza wa kule kwetu, mtu mlemavu aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Mringe hakujengewa nyumba wala hakupewa ng'ombe. Alipata ubatizo, akafa, na watu wa Rabai wanamtaja hadi leo.

Dawa ya pili niliipewa na rafiki zangu karibu wote, na ndiyo inayopendwa sana makanisani. Watazame walio chini yako. Basi nikawatazama. Pale sokoni hawakosekani. Kuna wanawake wanaookota nyanya zilizopondeka jioni, kuna vijana wa mkokoteni wanaolala chini ya meza. Nilijaribu kujifariji nao, na kwa muda ilifanya kazi. Halafu nikaona ninachofanya. Nilikuwa bado napima, nimegeuza tu upande wa kutazama, na umaskini wa mama wa watu nimeufanya dawa yangu ya usingizi. Tena yule wa nyanya akipata meza kesho nitamchukia. Sijasikia popote katika Injili Yesu akimwambia mtu ashukuru kwa kuwa mwenzake ana hali mbaya zaidi. Aliyesali hivyo ni yule Farisayo, na tunajua alivyorudi nyumbani kwake.

Katika kikundi chetu cha maombi cha akina mama kuna mama mmoja mzee wa Frere Town. Kijiji hicho kilianzishwa na wamishenari wa CMS, shirika la misheni la Kianglikana, mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani, na kengele iliyofanya mahali pale paitwe Kengeleni ilikuwa ikipigwa kuwaonya watu hatari ikikaribia. Wazee wake walishushwa hapo bila ukoo wala shamba. Labda ndiyo maana hana subira na manung'uniko ya milango ya kioo. Nilipomweleza shida yangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Unamwombea?"

"Namwombea, mama."

"Kwa jina?"

Nikanyamaza.

"Basi anza kwa jina, mwanangu. Na usiniambie unajisikiaje. Omba tu."

Maombi yangu ya kwanza niliyatamka kama mtu anayelipa faini kortini. Bwana mbariki fulani, amina, tuendelee. Baada ya wiki kadhaa nikamrudia yule mama nikamwambia haiendi. Akaniuliza ninaomba nini hasa. Nikasema, baraka. "Baraka gani? Kodi ya duka lake ni ngapi? Mtoto wake ni wa darasa gani? Analala saa ngapi?" Sikujua hata moja. Nilikuwa najua idadi ya mashati yake kwa wiki, ila mtu mwenyewe sikumjua tena. Ikabidi niende kumwuliza.

Nilikwenda Bombolulu bila leso ya mafumbo. Aliponiona akaruka kutoka kwenye kiti. "Mwalimu! Shikamoo!" Hajawahi kuniita jina jingine, hata miaka ile niliyokuwa nikimkwepa. Akatuma mtoto chai na mahamri. Tukakaa katikati ya marobota ya vitambaa, akanieleza mambo yake bila kuficha. Mashine zile ni za mkopo. Kuna shule ilikuwa haijamlipa tangu muhula uliopita, na kila akipiga simu anaambiwa karani hayupo. Umeme ukikatika mafundi wake wanakaa tu na mishahara inahesabika. Akaitaja cherehani yangu ya kukanyaga kwa hamu, akasema hiyo haijui habari ya umeme.

Hapa pana mtego, na naweza kuapa wengi wanaosimulia habari kama hizi hukomea hapa. Nilipopanda matatu kurudi Kongowea nilikuwa nimechangamka, na nilijua uchangamfu ule haukutoka kwa Roho Mtakatifu. Nilikuwa nimefurahia madeni yake. Kugundua kwamba uliyemwonea kijicho naye ana taabu kunapumzisha, lakini ni ile dawa ya pili imerudi kwa mlango mwingine. Kama amani yangu inategemea mkopo wake, akimaliza kuulipa nitaugua upya.

Kilichonisaidia ni kwamba sasa nilikuwa na vitu vya kuombea. Kuomba ile shule imlipe hakukunishinda hata kidogo. Kucheleweshewa pesa ya kazi uliyokwisha kuikabidhi ni jambo ninalolijua hadi kwenye mifupa, na nililiomba kwa hasira, kwa machozi, nikampigia Mungu kelele kuhusu yule karani asiyepatikana. Bila kukusudia nilikuwa nimesimama upande wake. Alipolipwa alinipigia simu asubuhi ile ile, nikapiga kigelegele barazani mpaka muuza nazi akauliza kama kuna harusi. Paulo anasema katika Warumi, furahini pamoja nao wafurahio, lieni pamoja nao waliao. Nusu ya pili hatuna shida nayo. Misibani tunajaa mpaka viti havitoshi. Nusu ya kwanza ndiyo inayotushinda, na sidhani kama mtu anaiweza kwa nguvu zake.

Huyo Paulo nilianza kumsoma kwa jicho jingine baada ya hapo, kwa sababu naye alikuwa mtu wa sindano. Kitabu cha Matendo, sura ya 18, kinasema alikuwa mshona mahema, na alipofika Korintho alikaa na Akila na Prisila kwa kuwa walikuwa na ufundi ule ule. Mafundi watatu wa kazi moja, nyumba moja, mji mmoja wa biashara. Mimi ninayejua baraza zetu nashangaa hawakugombania wateja. Na ni huyo fundi aliyewaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, "nimejifunza kuwa radhi na hali yo yote niliyo nayo." Nililisoma lile "nimejifunza" mara nyingi. Kama Paulo alijifunza, basi kuna siku hakujua, na kuna mazoezi aliyapitia, kama kola inavyofundishwa. Tena aliandika hayo katika barua ya kushukuru kwa zawadi waliyomtumia kwa mkono wa Epafrodito. Kuridhika kwake hakukumfanya akatae msaada wa watu.

Zaburi ya 73 nayo. Asafu anakiri wazi kwamba aliwaonea wivu wenye kujivuna, miguu yake ikawa karibu kuteleza. Anasema mambo yalimgeukia alipoingia patakatifu pa Mungu. Nilikuwa nikidhani anafurahi kwa sababu aliona mwisho wa wale matajiri, na ni kweli aliuona. Lakini endelea kusoma uone anakofika. Mwisho wa Zaburi wale watu karibu hawapo tena kwenye maneno yake. Amebaki anazungumza na Mungu tu, kwamba amemshika mkono wake wa kuume, kwamba kumkaribia Mungu ndiko kwema kwake. Mimi patakatifu pangu palikuwa sebule yenye viti vya plastiki, Alhamisi jioni, akina mama tisa na feni moja mbovu. Nikiwa pale, nikiimba tenzi nilizozijua tangu utotoni, kuna mara nilisahau kabisa kwamba Bombolulu ina maduka. Nikagundua huko ndiko kuridhika kulikokuwa kukianzia. Hakikuwa kitu cha kujikaza nikipate. Nilikuwa nimeshughulika na Mungu, na kijicho kilikosa wa kukihudumia.

Mstari ninaojirudia zaidi ni wa Yohana, sura ya mwisho. Petro ametoka kuambiwa atakufaje, anageuka anamwona yule mwanafunzi mwingine anawafuata, anauliza, "Bwana, na huyu je?" Wavuvi wa ziwa moja, wote wawili. Hata ufufuko haukumtoa Petro kwenye hesabu za mwenzake. Yesu anamjibu bila kumbembeleza, "imekupasaje wewe? wewe unifuate mimi." Nimeliandika jibu hilo kwa chaki ya kushonea upande wa ndani wa kifuniko cha cherehani, linafutika kila baada ya muda, naliandika tena.

Sijapona kwa maana ya kwamba hakirudi. Mwaka huu aliweka picha ya mashine ya kudarizi na nikahisi kitu kikinipanda kifuani, kile kile. Tofauti ni kwamba siku hizi nakijua kwa sura na najua nifanye nini nacho kabla ya jioni. Nampigia simu namwuliza habari za mtoto.

Na sijaacha kutaka vitu. Kuna akina mama wenzangu wakisikia neno kuridhika wanadhani ni kukaa umekunja mikono ukimwachia Mungu kazi ya kukanyaga. Niko kwenye chama cha kuchangiana pesa, zamu yangu ikifika nitanunua mashine ya umeme, na hiyo ya miguu nitaiweka pembeni kwa siku za giza. Wala kuridhika si kunyamaza unapopunjwa. Yakobo anasema ujira wa wakulima uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Sioni kwa nini ujira wa fundi unyamaze.

Nasema hivyo kwa sababu sasa nafanya kazi zake. Msimu wa Januari oda zikimzidi ananiletea mashati yaliyokwisha kukatwa, nashona barazani, tunalipana kwa idadi. Msimu uliopita aliniletea mashati yenye mifuko miwili yenye vifuniko na matundu ya vifungo zaidi, kwa bei ile ile ya shati la kawaida. Nikayarudisha kwenye mfuko, nikamwambia hiyo bei siiwezi. Akasema, "Mwalimu, lakini wewe si mtu wa kanisani?" Nikamwambia ndiyo, na kifuniko cha mfuko ni shilingi 15. Akacheka mpaka akakaa chini. Akaanza na shilingi 5, nikamwonyesha mfuko ulivyo ndani, tukafika 10 kwa kila kifuniko na chai juu yake. Mimi bado nataka 15, na msimu ujao tutaanzia hapo.